Kabla Hujaandika Sifuri

Nyinyi mnaoanza kazi ya maabara siku hizi mna bahati ya chupa. Chekeni tu. Wakati mimi naanza kazi Kitale, mwanamume akiambiwa alete shahawa zikapimwe, alizileta kwa chombo chochote alichokiona jikoni. Nimepokea sampuli ndani ya chupa ya asali, na asali bado imo. Nimepokea kwenye kikombe cha maua kilichofunikwa kwa kisahani, kimebebwa kwa mikono miwili kama chai ya mkwe. Mzee mmoja alileta kwa kondomu iliyofungwa fundo, na nilipomwambia kuwa kondomu nyingi zina dawa au mafuta yanayoua mbegu, alinitazama kwa masikitiko akasema, "Sasa daktari, si ungesema kabla sijahangaika?"

Alisema kweli. Tangu siku hiyo nilikuwa nasema kabla.

Naitwa Nelima. Nimestaafu, nakaa Kanduyi, nafuga kuku wa mayai na kugombana nao. Nusu ya kazi yangu niliifanya Kitale na nusu Bungoma, nikipima damu, mkojo, choo na makohozi. Watu waliniita daktari, na mimi si daktari, lakini baada ya miaka kumi ya kuwarekebisha nilichoka nikaacha. Kati ya vipimo vyote, kile kilichonifundisha adabu ni hiki cha mbegu za kiume. Damu mtu anakupa mkono unachoma, amemaliza. Lakini mwanamume akikuletea ile chupa, amekuletea jina lake, ndoa yake, na maneno yote ambayo mama yake amewahi kusema kuhusu mke wake.

Kwa hivyo shikeni haya kwanza. Usiite sampuli ya namna hiyo kwa sauti dirishani. Mimi nilikuwa naandika maagizo kwa karatasi ndogo, naikunja, nampa mtu mkononi kama naye ni jirani tunapeana habari. Maagizo yenyewe: akae siku mbili hadi saba bila kukutana na mwanamke, asitumie sabuni wala mafuta, na kama hawezi kuitoa hapo hospitalini, aibebe chupa karibu na ngozi, ndani ya shati, afike kabla saa moja haijaisha. Baridi ya Kitale asubuhi si mchezo, na mbegu ikipigwa na baridi inalala kama mtoto wa shule. Ikifika, pima kwanza ujazo wake. Vijana wengi hurukia hadubini. Ujazo ukiwa mdogo sana, huenda mbegu zinatengenezwa vizuri tu lakini mirija ya kuzitoa haikuumbwa. Hilo nalo hutoka kwenye jeni, na usipopima ujazo halitakuja akilini mwako.

Aliyenifundisha kupima ujazo alikuwa Mzee Kariuki. Wazazi wake walitoka Murang'a wakanunua shamba Trans-Nzoia, naye alizaliwa huko huko, akasoma, akaishia kuwa mkuu wa maabara katika kliniki ndogo ya Kitale ambayo leo imegeuka duka la viatu. Alikuwa mfupi, msafi, na hakunywa chai ndani ya maabara hata siku moja. Alitoka nje akasimama na kikombe chake, hata kwenye mvua. Hakuniuliza kamwe jibu ni nini. Aliniuliza, "Nelima, umeona nini?" Nikimjibu kwa jina la ugonjwa, anarudia pole pole, "Sijauliza ni nini. Nimeuliza umeona nini."

Mimi nilikuwa msichana mdogo, mkono mwepesi, na nilijiona nimeiva. Mwaka wangu wa pili akaja mtu wa mtaa wa Kipsongo anayeitwa Ekai, mbeba magunia kwenye maghala ya mahindi. Alikuwa na mke, Akiru, wamekaa miaka mitano bila mtoto. Aliletwa na daktari wa kliniki apimwe. Siku hiyo Mzee Kariuki alikuwa ameenda mazishi. Nikapokea sampuli, nikaweka tone moja kwenye kioo, nikachungulia huku na huku. Sikuona kitu. Nikaandika: sifuri. Nikaweka na mstari chini yake, ndivyo nilivyokuwa na uhakika.

Ekai alirudi kama miezi minne baadaye. Hakuja dirishani. Alisimama mlangoni, mkono mmoja kwa fremu ya mlango, akauliza ni nani alimpima. Nikasema ni mimi.

"Wewe uliandika mimi sina mbegu."

"Ndiyo."

"Bibi yangu ako na mimba. Nimemfukuza wiki mbili sasa. Nimekuja tu uniambie kama nilifanya vizuri."

Mzee Kariuki, aliyekuwa kwenye meza yake, akaweka kalamu chini. Akamwomba Ekai aketi, akamwelezea maagizo upya, akampa chupa. Baada ya siku tatu Ekai akaleta sampuli nyingine. Mzee akaingoja nusu saa iyeyuke, akatia tone kwenye kioo, akaangalia. Kisha akafanya kile nilichoruka. Aliimimina iliyobaki kwenye mirija ya kioo, akaiweka kwenye sentrifuji, ile mashine inayozungusha sampuli mpaka vizito vikae chini. Akamwaga maji ya juu, akachukua yale mashapo kidogo ya chini, akayatandaza.

"Njoo," akaniambia. "Umeona nini?"

Niliona tano. Labda sita. Chache, lakini zinaogelea, vichwa mbele, kama watu wenye safari.

"Zipo," nikasema.

"Zilikuwepo na wakati ule," akasema. Angenitukana ningepata nafuu.

Kesho yake alinichukua tukaenda Kipsongo kwa miguu, yeye mbele na koti lake, mimi nyuma na fomu mbili za majibu mkononi. Akiru alikuwa kwa kaka yake, nyumba ya mabati na makaratasi, anapepeta maharagwe kwenye ungo. Tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Ekai alikuwa ametangulia, amechuchumaa ukutani, hatazami mtu. Mzee Kariuki akasalimia, akasema tumekuja kwa sababu maabara yetu ilifanya kosa. Kisha akanitazama mimi.

Nikaanza kueleza kwa sauti ya chini. Akiru akainua mkono.

"Ni wewe uliandika?"

"Ni mimi, mama."

"Basi sema kwa nguvu. Waliniita malaya kwa nguvu."

Majirani walikuwa wameshatoka. Nikasimama katikati ya ule uwanja mdogo, kijana wa koti jeupe, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo kwamba nilipima vibaya, kwamba mume wa huyu mama ana mbegu chache lakini anazo, kwamba yeye hakufanya kosa lolote. Nilipomaliza Akiru akasema, "Rudia." Nikarudia.

Alirudi nyumbani kwake baada ya wiki, kwa masharti aliyoyatoa mwenyewe. Mojawapo lilikuwa Ekai aende kumchukua mchana, watu wakiona. Alikwenda.

Ndiyo maana nawasumbua na hili. Huwezi kuandika sifuri kwa tone moja. Izungushe, tazama mashapo, kisha ita sampuli ya pili baada ya wiki kadhaa, uzungushe tena. Sifuri ya kweli ipo, nimeiona mara nyingi. Lakini iwe umeifuata mpaka chini.

Sifuri ya kweli ninayoikumbuka zaidi ni ya Simiyu, na hiyo ni Bungoma, miaka mingi baadaye, si zamani sana. Wakati huo nami nilikuwa mkuu wa maabara, na miwani.

Aliyekuja kwanza hakuwa Simiyu. Alikuwa mke wake, Nafula, mwalimu wa chekechea, mwanamke mwembamba anayeongea na watu wazima kama anavyoongea na watoto, wazi na bila haraka. Alitoa bahasha kwenye mkoba, akapanga karatasi zake kwenye meza yangu. Homoni, picha ya kizazi, mirija, vipimo vya hospitali tatu. Vyote sawa.

"Daktari, mimi nimepimwa mpaka nimeisha," akasema. "Yeye hajapimwa hata joto."

"Yuko wapi?"

"Ako Misikhu kwa posho mil yake. Anasaga mahindi ya watu. Anasema mwanamume hapimwi."

Walikuwa wameoana miaka sita. Mama mkwe wake, Mama Rosa, alikuwa mjane mwenye mtoto huyo mmoja wa kiume, na alikuwa ameanza kusema waziwazi kwamba amemwonea Simiyu msichana mahali, huko Chwele. Nafula alinieleza haya bila kulia. Alizirudisha karatasi kwenye bahasha moja moja, akaniuliza kama naweza kumpa ile karatasi ya maagizo ampelekee. Nikampa.

Simiyu alikuja baada ya mwezi. Mtu mrefu kabisa, mikono mirefu, uso laini usio na ndevu nyingi, unga wa mahindi kwenye kope. Mpole. Alisalimia kila mtu kwenye foleni kabla ya kufika kwangu. Nilipima sampuli yake, nikazungusha, sikuona kitu. Nikamwita tena baada ya wiki tatu. Nikazungusha, nikakagua kioo kizima mstari kwa mstari kama mtu anayepalilia. Hakuna. Ndipo nikaandika.

Daktari wetu, kijana anayeitwa Barasa, akamchunguza, akaona makende ni madogo na magumu kidogo kuliko kawaida. Akamuuliza maswali. Hapo ndipo ilipotokea kwamba kwa mwaka mzima Simiyu alikuwa akinunua sindano kwa mtu wa duka la dawa, sindano za nguvu. Sikilizeni hili vizuri na mwaambie ndugu zenu. Hiyo sindano ni homoni ya kiume, na ukiimwaga mwilini kutoka nje, mwili unasema basi, kazi ipo ya kutosha, na kiwanda cha mbegu kinafungwa. Wanaume wanaotafuta mtoto wanajifungia mlango wenyewe. Barasa akamwachisha sindano. Tukangoja miezi kadhaa, tukapima tena. Bado sifuri. Homoni zake nazo zikaonyesha kwamba kichwa kinapiga kelele kuagiza kazi na makende hayaitiki. Barasa akasema, "Mama Nelima, hii tuitafute kwenye kromosomu."

Kazi ya mkono tena: damu ya kromosomu inaingia kwenye chupa yenye kifuniko cha kijani. Ile ya zambarau msiiguse kwa kipimo hiki, kwa sababu wenzetu wa Nairobi wanahitaji chembe zifike hai, wazikuze, wazipige picha zikiwa zinagawanyika. Usiigandishe. Itume siku ambayo haitalala ofisini kwa mtu wikendi. Ya zambarau ni nzuri kwa kile kipimo kingine, cha kutafuta kama Y, kromosomu ya kiume, imekatika kipande. Hicho nacho nimekiona, na ubaya wake ni kwamba mwanamume wa aina hiyo akisaidiwa na wataalamu akapata mtoto wa kiume, anamrithisha ile Y yake ilivyo. Ni vizuri ajue mapema.

Jibu la Simiyu lilichukua wiki nyingi. Lilikuja karatasi moja. Badala ya X moja na Y moja kama wanaume wengi, yeye alikuwa na X mbili na Y moja.

Barasa alimweleza kwa utaratibu, lakini aliitwa wodini katikati, na Simiyu akabaki ananitazama mimi, karatasi imelala magotini mwake.

"Kwa hivyo mimi ni nusu mwanamke?"

"Hapana."

"Si hii X mbili ni ya wanawake? Nimesoma kidogo, daktari. Usinifiche."

"Sikufichi. Mwanamke ana X mbili na hana Y. Ile Y ndiyo ilikufanya mvulana tangu tumboni, na unayo. Kilichozidi ni X moja. Hiyo ya ziada ndiyo inazuia makende kutengeneza mbegu. Ndiyo pia ilikufanya mrefu hivyo."

Kisha akasema, taratibu, "Daktari, mimi nilisimama. Nilitahiriwa mbele ya watu wote wa kwetu na sikupepesa jicho. Wajomba walinipa ng'ombe."

"Najua. Na hakuna karatasi inaweza kurudi nyuma ifute hiyo siku."

"Ilitoka kwa baba ama kwa mama?"

"Haikurithiwa. Yai la mama ama mbegu ya baba ikitengenezwa, kromosomu huachana, kila moja inaenda upande wake. Siku hiyo mbili hazikuachana. Hakuna mtu alifanya kitu, hakuna mtu alilaani mtu."

Akaikunja karatasi mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Akainama kwangu, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ya kuomba.

"Andika tu sisi wote tuko sawa. Wewe ndiye mkubwa hapa. Andika tuko sawa, tuwachie Mungu."

"Mungu anajua tayari, Simiyu. Anayengoja kujua ni Nafula."

"Mama yangu ataanguka."

"Na Nafula akianguka?"

Nikamwambia habari za Kipsongo, kwa ufupi, bila majina. Nikamwambia kalamu yangu ilishawahi kumtoa mwanamke nyumbani kwake na haitafanya hivyo mara ya pili, hata kwa kunyamaza ndani ya karatasi ya uongo. Lakini nikamwambia pia kwamba jibu ni lake, sitampa mtu mwingine yeyote. Aliondoka bila kuaga watu kwenye foleni.

Wiki hiyo hiyo Nafula akaja. Alisimama dirishani zamu yake ilipofika.

"Majibu yake yametoka?"

"Yametoka. Ako nayo yeye."

"Ni mabaya?"

"Nafula, muulize yeye."

Mnaniuliza kila siku ni kazi gani ilikuwa ngumu kuliko zote, mkitarajia niseme kipindupindu. Ilikuwa ile. Nilikuwa najua kitu ambacho kingemwondolea mzigo wa miaka sita kwa dakika moja, na hakikuwa changu kukitoa. Alisema tu, "Sawa, daktari," akaondoka. Huyo msichana wa Chwele, nilisikia baadaye, wazazi wake walikuwa wanatarajiwa Misikhu Jumamosi iliyofuata kuja kuonana na familia.

Alhamisi ya wiki ya pili, saa nne hivi, mlango wa ofisi yangu ukafunguliwa na wakaingia watatu. Simiyu mbele, ameinamisha kichwa asigonge fremu. Nafula. Na nyuma yao mama mnene mwenye kitambaa cha kanisa kichwani na fimbo ambayo hakuihitaji, Mama Rosa. Niliwatafutia viti. Kiti cha tatu kilikuwa ndoo iliyopinduliwa, Simiyu akakaa hapo, magoti yakafika karibu na masikio.

"Daktari," akasema, "waelezee."

Nilitamani kumsaidia, haki. Lakini nikasema, "Majibu ni yako. Anza wewe. Ukikwama nitaingia."

Akaanza. Aliongea Kibukusu kwanza, akageuka Kiswahili, akarudi. Alisema amepimwa mara tatu na hana mbegu. Alisema shida ilikuwa kwake tangu tumboni. Alifika kwenye kromosomu akazichanganya, nikaingia, nikamaliza, nikamwachia tena. Kisha akageuza ndoo yake kidogo amtazame mkewe.

"Nimejua wiki mbili," akasema. "Niliomba daktari aandike uongo. Alikataa. Nisamehe hiyo pia."

Nafula alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Mimi nilidhani atalia, lakini alipoondoa mkono alisema, "Wiki mbili ulikuwa unabeba hii peke yako? Ndiyo maana ulikuwa huli?"

Mama Rosa akanigeukia mimi. Sisi wa Bungoma r na l tunaziazimana kama majirani na chumvi, na kwa mama huyu kila l ilikuwa r.

"Daktari," akasema, "hii kitu iriingia kwa tumbo yangu? Kuna kitu nirikura?"

"Hapana, mama. Hukula kitu, hukufanya kitu. Inatokea tu."

"Haina dawa?"

"Kuna daktari bingwa anaweza kutafuta kwa upasuaji mdogo kama kuna mbegu zimejificha ndani. Wakati mwingine wanapata, wakati mwingine hawapati."

Akatikisa kichwa. Akaingiza mkono kifuani, akatoa simu, akaiweka mbali na macho, akabonyeza. Mama Rosa hasikii vizuri, kwa hivyo anaongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Haro! Mama Sitati? Ni mimi Rosa. Hiyo mambo ya Jumamosi, msikuje. Ati? Hapana, msichana wenu hana makosa. Mke wa mtoto wangu pia hana makosa. Ati nini? Mtoto wangu pia hana makosa! Hakuna mtu ako na makosa, bana, mimi nimechoka kutafuta mtu!"

Nilikimbia kufunga dirisha, lakini foleni yote ya maabara ilikuwa imeshasikia. Simiyu alifunika uso kwa mikono yake mirefu, na mabega yakaanza kutikisika. Ilinichukua muda kugundua kwamba anacheka na kulia pamoja. Mama Rosa akazima simu, akaishikilia kwenye mapaja, akamgeukia Nafula. Akavuta kiti chake, kikakwaruza sakafu, mpaka magoti yake yakagusana na ya mkaza mwana wake, na akakaa hivyo tu.

Walikwenda Nairobi kwa huyo bingwa. Simiyu alifanyiwa upasuaji, wakatafuta kwa saa kadhaa, hawakupata. Alinipigia mwenyewe kuniambia. Alisema, "Daktari, wametafuta mpaka chini," nikajua anamaanisha amekubali. Baada ya hapo Barasa akamwanzishia homoni, safari hii kwa kipimo na kwa sababu, maana mifupa na nguvu zake zilizihitaji na hakukuwa tena na mbegu ya kulinda. Daktari wa Nairobi aliwaeleza pia kuhusu mbegu ya mtu mwingine. Walizungumza kwa miezi. Nafula ndiye aliyekataa. Alisema angependa mtoto ambaye yeye na Simiyu watamkaribisha wakiwa sawa, hakuna mmoja aliyetangulia. Wakaomba kuasili mtoto. Kulikuwa na maofisa, kutembelewa nyumbani, mahakama, na kungoja ambako sitakuelezeni.

Mwaka jana, siku ya soko, nilipitia Misikhu kununua chakula cha kuku nikaamua kuwasalimia. Simiyu alikuwa ndani ya posho mil, mweupe kwa unga, mashine inanguruma. Nje, kwenye benchi karibu na mizani, alikuwa Mama Rosa, na mapajani mwake mtoto wa kike wa kama miaka miwili anatafuna kipande cha muhindi wa kuchoma kwa bidii kubwa. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya watu kwenye mstari.

Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mwenye debe la mahindi, mgeni eneo lile labda, au mchokozi. Alimwangalia mtoto, akaangalia ndani kwa Simiyu, akamrudia mtoto.

"Huyu hafanani na Simiyu hata kidogo," akasema. "Ni wa nani?"

Watu kwenye mstari wakageuka. Mashine ikaendelea. Mama Rosa alimpangusa mtoto kidevu kwa ncha ya leso, bila haraka.

"Anaitwa Nasambu," akasema. "Hiyo ni jina ya mama yangu mzazi, na siipei mtoto wa mtu. Sasa weka mahindi yako kwa mizani, watu wanangoja."